Msikilizaji wa Madarasa Kumi na Mawili

Kila asubuhi saa moja na nusu Tusekile alifunga mlango wa kituo ili ukungu usiingie, akabandika birika, akavaa vipokea sauti, na kuanza kuamkia watu.

Watu wenyewe walikuwa walimu kumi na wawili, katika shule kumi na mbili zilizotawanyika chini ya mlima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona kwa macho. Aliwajua kwa masikio. Mwalimu wa Luganzo alikuwa na mafua yasiyokwisha. Wa Ukange aliburuta mguu mmoja, na akiwa na hasira aliuburuta zaidi. Mwalimu Ezelina Tweve wa Ihovo alimwacha wa mwisho, kama mtoto anavyosukuma kipande cha nyama pembeni ya sahani akile baadaye.

"Shikamoo, mwalimu."

Siku nyingine zote jibu lilikuwa, "Marahaba, mtoto wa kilimani. Umekula?" Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemuuliza Tusekile kama amekula. Wakati mwingine alikawia kunywa chai yake makusudi, ili aweze kujibu bado na kugombezwa kidogo.

Jumanne ile hakujibiwa. Alisikia viatu vikikimbia juu ya kokoto, pumzi fupi fupi, na mtoto akilia.

"Mwalimu?"

"Ngoja. Anyisile, mwanangu, usilichokoe, nimesema! Tusekile, nifanye nini? Mtoto ana njegere sikioni."

"Njegere?"

"Njegere, hizi za kupanda! Imevimba, na sikio linatoa maji. Niambie, nifanye nini?"

Tusekile akatazama kioo cha mtambo kilichokuwa mbele yake. Majina sitini na moja ya darasa la pili la Ihovo yalikuwa yamejipanga pale kama kawaida, kila jina na mstari wake, wala hapakuwa na neno lolote kuhusu njegere. Akasema kile ambacho angekisema mtu yeyote.

"Mpeleke zahanati, mwalimu."

"Eeh! Zahanati. Sawa, ahsante, mwanangu."

Akasikia viatu vikigeuka na kukimbia upande mwingine. Kisha, mikono ikiwa imeshika kikombe, jambo moja likamjia polepole. Zahanati ya Ihovo ilitazamana na shule. Mwalimu Ezelina alikuwa amemsimulia mara nyingi jinsi watoto wanavyoruka mtaro kwenda kuchungulia akina mama wakipima watoto wao. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameishi pale miaka ishirini na miwili. Na bado alikuwa amesimama uwanjani, mtoto analia mkononi mwake, akingoja kuambiwa avuke barabara.

*

Kipuli, kifaa cha sauti cha mradi, kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Mwalimu alikivaa katika sikio la kulia. Kilisikia kila alichosikia yeye na vingine ambavyo yeye hakuvisikia, kisha kikavipandisha hadi kwenye mnara wa kilimani. Pale kituoni mtambo uitwao Chujio ulizichambua sauti za darasa zima moja moja. Watoto sitini wakisoma kwa pamoja, Chujio lilijua nani anasoma kweli na nani anafungua mdomo tu kufuata wenzake, lilijua aliyekwama kwenye "ng'ombe" na aliyeruka mstari. Lakini halikusema na mwalimu. Aliyesema alikuwa Msikilizaji, yaani Tusekile. Ndiye aliyechagua katika yote yale neno moja la kunong'ona: Rudi kwa Tumaini. Waulize waliopata ishirini wamepataje. Usimjibie, mwache kwanza.

Picha mnara haukuweza kuzibeba. Ulibeba sauti tu.

Saa nne Mwalimu Ezelina akarudi sikioni, akihema lakini akicheka.

"Nesi ameitoa kwa koleo. Imeshatoa na kimea, ungeiona! Tungengoja kidogo tungevuna."

"Iliingiaje, mwalimu?"

"Wanacheza shule, hawa. Hukuwahi kucheza shule? Anayekuwa mwalimu anaweka njegere sikioni. Halafu anasimama mbele, haongei. Anainamisha kichwa hivi." Akanyamaza, na Tusekile akajua kwamba kule chini mama yule mnene, peke yake katika ofisi ya walimu, ameinamisha kichwa hivyo. "Wote kimya, wanamngoja. Huo ndio utamu wenyewe wa mchezo. Akishamaliza kungoja, ndipo anasema, haya, andikeni. Wananiiga vizuri sana, wajinga hawa."

Tusekile hakucheka.

"Imekaa humo siku ngapi?"

"Nesi anasema hazipungui wiki mbili."

Akaurudisha mstari wa Anyisile Sanga nyuma wiki mbili. Pale palikuwa na mteremko. Mtoto aliyesoma maneno thelathini na nane kwa dakika alikuwa hasikii swali tena, anajibu jingine, anaandika imla nusu. Chujio lilikuwa limependekeza mazoezi ya silabi, na Tusekile alikuwa ameyanong'ona. Siku tisa mtoto mwenye njegere sikioni alikalishwa wakati wa mapumziko akisoma ba, be, bi.

"Mwalimu, wewe hukuona kitu?"

"Niliona. Kila nikisema alikuwa ananigeuzia shavu la kushoto. Nilimwona tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Mwalimu Ezelina alijibu kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi mno.

"Nilikungoja useme. Hukusema kitu, nikajua si kitu."

*

Bwana Haule, mratibu wa mradi, alipiga jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya mashamba ya viazi. Alikuwa mtu mpole. Tusekile alitamani asingekuwa mpole.

"Dada Tusekile, hongera. Nimetoka kikaoni sasa hivi. Wamepitisha. Mwezi ujao vijana wa mitambo wanakuja huko kuchukua sauti yako. Siku tatu tu, unawasomea maneno wanayotaka, basi. Baada ya hapo mtambo utanong'ona kwa sauti yako katika kila shule."

"Na Safu?"

"Safu tunaifuta."

Safu ilikuwa sehemu ya mwisho ya fomu ya kila muhula. Mwongozo wa mradi, ule wa mwanzo kabisa, ulisema sauti si ya kukaa. Msikilizaji aongee sana muhula wa kwanza, apunguze wa pili, na kadiri mwalimu anavyoanza kuona mwenyewe, yeye anyamaze. Mwisho wa muhula alijaza neno moja mbele ya jina la mwalimu: Tayari, au Bado. Ukiandika Tayari, kipuli kilirudishwa na laini ikafungwa.

"Wenzako waliwaachia walimu wao kama mwongozo ulivyotaka," Haule akaendelea. "Wamefanya vizuri, hatukatai. Lakini wewe hukumwachia hata mmoja. Miaka mitatu unanong'ona, na watoto wako ndio wanaosoma vizuri kuliko wote. Wakubwa wakajiuliza, tunamwachia mwalimu ili iweje? Kwa hiyo wewe ndiye uliyetufungua macho."

"Na hii habari ya njegere?"

"Ndiyo ninayokupigia. Fomu ya tukio ina sehemu mbili. Ukiandika ajali ya mtoto, tunaendelea. Ukiandika dosari ya huduma, kila kitu kinasimama, wakaguzi wanaanza kuzunguka, na mwaka umekwisha. Shule elfu tisa, dada. Nikwambie kitu. Mimi nimemaliza darasa la saba siwezi kusoma kibao cha kijiji chetu. Kitabu tulikiimba. Mwalimu akifungua ukurasa wa kumi, tunaimba wa kumi, hata ukikishika juu chini. Nilijifunza kusoma nina miaka kumi na tisa, kwa aibu, kwa mtoto wa dada yangu. Angekuwepo mtu wa kumnong'oneza mwalimu wangu, 'huyu Haule hasomi, anaimba'... Fikiria. Nitakupigia kesho saa saba."

Alipokata, kituo kilirudi kuwa chumba kimoja chenye kitanda, meza na upepo.

Tusekile alikuwa amejaza Safu mara sita. Mara ya kwanza kufika kwa jina la Ezelina Tweve na kujua anachopaswa kuandika, kalamu ilisimama. Alifikiria asubuhi inayofuata. Akaandika Bado. Muhula mmoja tu, alijiambia. Kisha mwalimu wa Luganzo naye akawa vizuri, na yeye akamwandikia Bado, kwa kuwa si haki kumbakiza mmoja na kumwachia mwingine. Ukishaandika uongo kama huo mara moja, unalazimika kuufanyia kazi uwe kweli. Mwongozo ulisema mwalimu akikwama, hesabu pumzi kumi kabla hujamnong'oneza. Tusekile akawa anahesabu tano. Kisha mbili. Siku hizi alikuwa hahesabu kabisa.

*

Asubuhi ya Jumatano aliamkia watu kumi na mmoja na kuwaambia ana safari, hatakuwepo hadi jioni.

"Sasa leo tunafundishaje?" akauliza mwalimu wa Ukange, na hakuwa anatania.

Alishuka kwa miguu, mwendo wa saa mbili na nusu, kupitia misitu ya misindano, viatu vikizama kwenye udongo mwekundu. Njiani alirudia rudia jinsi atakavyojitambulisha. Alipofika Ihovo sentensi yote ilimtoka kichwani. Mama mnene aliyejifunga kitenge juu ya sweta alikuwa amesimama barazani na boksi la chaki, akimtazama kama mtu anayemtazama mteja wa duka lisilokuwepo.

"Karibu, binti. Unamtafuta nani?"

"Shikamoo, mwalimu," Tusekile akasema, kwa sauti ndogo.

Boksi la chaki likaanguka.

"Ni wewe! Ee Mungu wangu, ni kadogo hivi!" Akamshika mabega, akamgeuza huku na huku. "Nilijua ni mama mtu mzima, mwenye miwani. Na mifupa yote hii! Kila siku unanidanganya umekula!"

Tusekile hakujua aweke wapi mikono yake. Alikuwa hajaguswa na mtu tangu likizo ya mwaka uliopita. Kisha akaomba kitu kimoja tu: akae nyuma ya darasa, na mwalimu avue kipuli.

"Nivue?" Mwalimu Ezelina akagusa sikio lake. "Halafu?"

"Halafu ufundishe, mwalimu."

Watoto walisimama, wakasalimia, wakakaa. Anyisile alikuwa benchi la mbele, pamba sikioni, anaionea fahari. Hesabu ya ubaoni ilikuwa hamsini na mbili kutoa ishirini na saba. Mwalimu akamwita mvulana mmoja, akaja akaandika thelathini na tano. Alikuwa ametoa mbili kwenye saba badala ya saba kwenye mbili, kosa ambalo Tusekile alikuwa amelisikia mara mia.

Hapo akaona kile ambacho miaka mitatu hakuweza kukisikia. Watoto sitini na mmoja hawakuutazama ubao, wala mwenzao, wala uso wa mwalimu. Walilitazama sikio lake la kulia, kujua kama jibu ni sahihi. Na mwalimu mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa.

Ukimya ukaja. Tusekile aliufahamu ukimya huo. Kule juu ulikuwa unadumu kiasi cha kumeza mate, kisha yeye anaujaza. Sasa aliuacha kama ulivyo. Aliweka viganja chini ya mapaja yake akavikandamiza kwenye benchi. Jibu lilikuwa mdomoni: muulize ametoa nini kwenye nini. Maneno matano. Angeyasema hata kwa kunong'ona, na sura ile ya aibu pale mbele ingeondoka.

Pumzi kumi zikapita. Ishirini. Mwalimu Ezelina aliishika chaki kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka na kulikuwa na baridi. Alimtazama Tusekile, na macho yake yalikuwa yanaomba waziwazi, kama mtu anayeomba ashikwe mkono kwenye utelezi. Tusekile akatazama chini. Mtoto mmoja akacheka, mwingine akamkanya.

"Kaeni kimya," mwalimu akasema hatimaye, ingawa walikuwa wamekaa kimya. Akatoka nje.

Tusekile akadhani amekwenda kulia. Akajiinua nusu. Lakini mwalimu akarudi na debe la viazi vya chakula cha mchana, akalimwaga sakafuni, akapiga magoti kwa shida.

"Njooni. Tuseme mama yenu yuko gulioni. Hesabuni hamsini na viwili, mpange mafungu ya kumi kumi. Mafungu mangapi?"

"Matano!"

"Na pembeni?"

"Viwili!"

"Mteja amekuja, anataka ishirini na saba. Anaringa kweli, huyo. Mama anampaje?"

Wakatoa mafungu mawili wakayasogeza. Kisha wakasimama, wanavitazama vile viazi viwili. Mvulana wa thelathini na tano akakuna kichwa.

"Saba havipo, mwalimu. Viko viwili."

"Kwa hiyo mteja aende zake?"

"Hapana!" Anyisile akapayuka, kwa nguvu za mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe. "Anavunja fungu!"

Wakavunja fungu. Darasa zima likawa magotini, likivunja na kuhesabu na kugombania viazi, wala hakuna aliyekuwa na haja na sikio la mtu. Mwalimu Ezelina alikuwa anacheka, kitenge kimejaa udongo.

Tusekile alicheka nao, kisha akaacha. Mwaka juzi, mwisho wa muhula wa pili, alimsikia mwalimu huyu akifundisha hesabu ya namna hii kwa maharage, bila kunong'onezwa hata neno. Ilikuwa saa tano asubuhi. Saa tisa ya siku hiyo hiyo alijaza Safu.

*

Saa saba Haule akapiga. Walikuwa katika ofisi ya walimu, viazi vile vile vimechemshwa, na Mwalimu Ezelina alikuwa anamenya vya mgeni wake kwa kucha, bila kumuuliza kama anataka.

"Nitoke?" akauliza kwa ishara.

"Kaa, mwalimu," Tusekile akasema, akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

"Dada Tusekile. Umejaza?"

"Nimejaza. Dosari ya huduma."

Haule akashusha pumzi. "Haya. Dosari gani? Kipuli kilikuwa kibovu?"

"Hapana."

"Chujio?"

"Hapana, bwana mratibu. Ni mimi. Mwalimu Ezelina alikuwa tayari tangu mwaka juzi. Wengine nao walikuwa tayari, wote, mmoja baada ya mwingine. Mwongozo wenu wa kwanza haukukosea. Mimi ndiye niliyeandika Bado."

"Uliandika... Dada, unaelewa unachosema? Hata kazi hutakuwa nayo. Na hao watoto wa shule elfu tisa, nikawaambie nini?"

"Sijui. Waambie walimu wao wapewe mtu, kisha huyo mtu anyamaze."

"Lakini kwa nini?" Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtu kama wewe. Kwa nini?"

Njia nzima ya kushuka alikuwa ameliandaa jibu la swali hilo. Lilikuwa na maneno ya chuoni, tahadhari, na uthabiti wa matokeo, na lilikuwa linaanza na "kwa mtazamo wangu." Akafungua mdomo alianze. Mwalimu Ezelina alikuwa ameacha kumenya. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka, kimenyooka, anamtazama usoni.

Tusekile akaiacha simu pale ilipo, akamgeukia yeye.

"Ningeandika Tayari wangeifunga laini yako," akasema. "Sina mtu mwingine, mama. Nilikufanya usiweze, ili usiniache."